Viatu Vilivyotazama Nje

Shelui, Jumapili usiku

Mwanangu Debora,

Ningeanza kwa kukujulia hali, ila umelala upande wa pili wa ukuta na nakusikia ukikoroma, kwa hiyo hali yako naijua. Mimi pia sijambo, isipokuwa mgongo, na habari za mgongo wangu umezisikia tangu utotoni.

Mambo ya safari siyagusi. Mama yako amekuhubiria tangu juzi namna ya kulinda begi, kutonunua mayai ya kuchemsha dirishani, na kumwamkia shikamoo kila mtu mzima ndani ya basi hata kama amekalia siti yako. Nikiongeza langu hapo nitaonekana namkosoa, na kesho asubuhi nataka kunywa chai. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu jana jioni.

Nyumba yetu haina dari. Hilo unalijua, lakini ukianza kuongea na mama yako unalisahau. Jana nilikuwa sebuleni napigilia kisigino cha kiatu changu, ninyi mkawa chumbani mnakunja nguo, na maneno yenu yakapita juu ya ukuta yakanifuata nilipo. Ulisema Yona amekuuliza kama akusubiri mpaka umalize chuo cha uuguzi huko Mwanza. Ulisema umemwahidi kwamba utampa jibu kesho stendi kabla basi halijaondoka. Mama yako akauliza, "Na utamjibu nini?"

Ukasema, "Nitamwambia asinisubiri. Mama, mwaka mzima yule mtu hajawahi kuniambia kwamba ananipenda. Hata siku moja! Yeye ni habari za mashine ya alizeti na mashudu tu. Mwanamume anayekupenda anasema. Kwani sinema za baba umezisahau? Si yule kijana alimwambia yule dada, 'Bila wewe hata maji ya kisima yananikaba'? Mimi nataka mtu wa namna hiyo."

Hapo ndipo nilipojigonga nyundo kidoleni. Lile yowe mlilolisikia, nusu yake tu ndiyo ilikuwa ya nyundo.

Debora, yule kijana hakusema hivyo. Hakusema kitu chochote. Alikuwa ametupa mgongo anakunywa maji. Maneno yale niliyatunga mimi, nikiwa nyuma ya kanga ya mama yako, kipaza sauti mkononi na karanga mdomoni. Sasa nasikia unataka kumwacha kijana wa watu kwa sababu hasemi maneno ambayo hata huyo wa sinema hakuyasema. Nimeshindwa kulala, na haki yangu kushindwa.

Ulikuwa mdogo wakati ule, kwa hiyo nianzie mbali kidogo.

Kabla ya banda la video nilikuwa karani wa duka la ushirika, hapa hapa Shelui. Kazi yangu haikuwa kuuza, maana cha kuuza hakikuwapo. Kazi yangu ilikuwa kueleza. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, mimi natoka mlangoni nawaeleza kwa nini sukari haijafika, kwa nini sabuni iko njiani, na kwa nini vitenge vimekwama Singida. Nilieleza vizuri mno. Wapo walioondoka mikono mitupu lakini wananishukuru. Halafu biashara zikafunguliwa, kila mwenye meza akawa anauza sukari barabarani, na mimi maelezo yangu yakakosa wateja.

Nikauza ng'ombe wa urithi, nikanunua deki, televisheni na jenereta lililokuwa limeshachoka na dunia. Babu yako alininunia mpaka mavuno. Tukasimamisha banda la miti na maturubai karibu na pale malori yanapolala, mama yako akawa anauza karanga mlangoni na kuvuta kamba ya jenereta, mimi nikawa mfasiri.

Kanda nyingi zilikuwa za Kihindi, madereva ndio waliotuletea. Kihindi sikukijua hata salamu. Kulikuwa na habari kwamba nilijifunza kwa Wahindi wenye maduka mjini Singida, na watu waliiamini kwa sababu aliyeianzisha alikuwa anajua kueleza. Nilitundika kanga pembeni ya televisheni, nikakaa nyuma yake na kigoda changu, nachungulia kioo kwa upande, na kila mtu akifungua mdomo kule ndani mimi nasema kitu. Steringi akikasirika nilimtukania adui wake kwa matusi ya Shelui. Mama wa steringi akilia nilimlilia mimi, na sauti nyembamba ninayo.

Tatizo lilikuwa pale ambapo hakuna aliyefungua mdomo. Kimya kilinitisha, mwanangu. Ukitoka kwenye duka la ushirika unakiogopa kimya, kwa sababu pale foleni ikinyamaza ujue imeanza kuamini kwamba sukari iko nyuma ya duka. Kwa hiyo hata bandani kimya kikianza mimi nakifukia. Wapenzi wakitazamana bila neno nilikuwa nawasemea wote wawili. Akitokea mtu kwenye kioo ameegemea dirisha anaangalia mvua, basi hapo namwaga. Ua la moyo wangu, usingizi umenihama, ukiondoka niache nioze! Madereva wanapiga miluzi. Wewe ulikuwa unakaa mbele kabisa, chini, miguu umeikunja, macho kwenye kioo na masikio kwangu. Nilikuwa nakuona. Nilijisifu kwamba binti yangu anapata elimu.

Sasa kulikuwa na kanda moja ambayo karatasi yake ya jina ilishachubuka. Aliyeniletea alinionya, "Mzee, hii haina hata ngumi moja." Ilikuwa habari ya mjane mmoja kijana ambaye kwa desturi zao haruhusiwi kuolewa tena, na mwanamume mpole aliyepanga chumba nyumbani kwake. Ni hivyo tu. Hawashikani, hawakimbizani kwenye maua, na nyimbo ni chache. Mjane anamwekea chakula nje ya mlango amekifunika kwa sahani. Mpangaji anarudisha sahani imeoshwa, na juu yake ameweka limau. Siku nyingine anarudisha sahani bila limau, na yule mjane anaitazama sahani kama vile ameibiwa. Mimi niliona kanda ile imepungukiwa, nikaijazia. Maji ya kisima yalitoka humo. Na kulikuwa na mahali kamera ilikaa muda mrefu kwenye viatu vilivyoachwa mlangoni, viatu vitupu, hakuna mtu. Hapo nilikuwa natumia nafasi kutangaza karanga za mama yako.

Kisha ikaja ile Jumapili ya mvua.

Bibi yako mzaa mama alikuwa amekuja kutoka Ihanja kututembelea. Unajua kwetu mkwe ni nini. Sisi Wanyiramba, na Wanyaturu wa bibi yako nao hatupishani nao hapo, mkwe humkaribii, huli naye, humtazami usoni, na ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye mtama hata kama ni mtama wa mtu. Tena kuna maneno yasiyotamkwa akiwa anasikia. Siku zote alizokaa kwetu mimi nililala bandani nikisingizia kulinda deki, na nikitaka kusema kitanda nilisema "kile cha chumbani".

Siku hiyo watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja bandani kujikinga mvua. Pakajaa. Nikaweka ile kanda ya mjane, nikakaa nyuma ya kanga, nikasafisha koo. Mpangaji ndiyo kwanza anabisha hodi, mara nikasikia sauti yako mlangoni: "Mpisheni bibi! Bibi anataka kuona watu wanaokaa kwenye kioo!"

Wakampisha. Watu wa Shelui wana adabu, wakampa benchi la mbele kabisa, karibu na kanga yangu kiasi kwamba angenyoosha mkono angenigusa. Akakohoa. Kikohozi kile ningekijua hata ningekuwa nimezikwa.

Mjane akafungua mlango. Mpangaji akasema jambo, na mimi kila siku hapo nilikuwa nasema, "Ee ua la moyo wangu, tangu nikuone usingizi umenihama." Nikafungua mdomo. Mkwe wangu akakohoa tena.

"Anamuuliza," nikasema, "habari za shamba."

Banda zima likageuka kuitazama kanga.

"Mwanamke anajibu kwamba mvua za mwaka huu zimewahi."

Dereva mmoja aliyekuwa ameshaiona kanda hiyo akapaza sauti, "Mfasiri, vipi? Juzi si alisema usingizi umemhama?"

"Leo ameupata," nikamjibu.

Watu wakacheka, mimi nikaendelea, maana ningefanya nini? Mpangaji alipomtazama mjane kwa huzuni nikasema anamwuliza bei ya vitunguu. Mjane alipogeuka kufuta machozi nikasema panya wamemaliza mtama ghalani. Hapo bibi yako, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, akakuuliza kwa Kinyaturu mbona watu wanacheka. Ukamweleza. Akasema neno, na wewe ukasimama ukawatangazia watu wote kwa sauti ile ile ya mlangoni: "Bibi anasema siyo panya!"

Nikaweka kipaza sauti chini. Nilikuwa naomba ardhi ipasuke au jenereta lizimike, lolote litakalotangulia.

Halikutokea hata moja. Kanda ikaendelea kwenda, na kwa mara ya kwanza tangu banda lijengwe, watu wakaitazama bila mimi.

Mvua ilikuwa inanyesha kwenye kioo na juu ya turubai letu. Mjane amekuja kuleta chakula, ameingia ndani kidogo kuweka sahani, viatu vyake ameviacha nje. Mpangaji anarudi kutoka kazini. Anaviona. Matone ya paa yanavidondokea. Anaangalia kushoto na kulia, anainama, anavua viatu vyake mwenyewe anaviweka pale penye matone, na vya mjane anaviweka pakavu. Halafu, akiwa ameshaanza kuondoka, anarudi tena. Anavigeuza vitazame nje, ili mwenyewe akitoka atumbukize miguu tu, asihangaike kugeuka. Kisha anakwenda kusimama mbali, kwenye mvua, kama mtu aliyekuja kuangalia hali ya hewa.

Mjane anatoka. Kamera haikuonyesha uso wake. Ilibaki kule chini kwenye miguu, na ile miguu ikasimama. Vidole vikajikunja kidogo. Muda mrefu, Debora, muda ambao mimi ningeuza karanga kikapu kizima. Kisha mguu mmoja ukaingia kwenye kiatu polepole, ukafuata wa pili.

Nikachungulia upande wa watu. Yule dereva mpiga kelele alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja alikuwa analia waziwazi wala hafuti. Hakuna aliyeniuliza mfasiri vipi. Wewe ulikuwa umeshasinzia mapajani kwa bibi yako, ndiyo maana unakumbuka maji ya kisima na viatu huvikumbuki.

Kurudi nyumbani nilitembea mbali nyuma yao, kama inavyotakiwa. Mama yako alikuwa amekubeba, bibi yako mbele. Nikamsikia bibi akisema, "Yule mwanamume ameona kwamba viatu vitalowa." Ni hilo tu alilolisema kuhusu sinema nzima. Mama yako akamjibu, "Kuna wengine hawaoni hata mtu akilowa."

Nikamtazama mgongoni. Alikuwa ameloa chapachapa. Muda wote ule, tangu mpangaji anabisha hodi, alikuwa nje ameshikilia gunia juu ya jenereta lisiingie maji.

Nakwambia ukweli, niliona aibu. Na aibu ikifungua mlango haiingii peke yake. Nikakumbuka kikombe. Pale nyuma ya kanga, karibu na kigoda changu, siku zote palikuwa na kikombe cha maji ya vuguvugu yenye tangawizi kwa ajili ya koo langu. Nilikuwa nakinywa kila onyesho. Na katika muda wote wa kuwasemea watu mapenzi sikuwahi kujiuliza hata mara moja kile kikombe kinajazwa na nani. Sijui nilidhani kinajijaza.

Basi nikaamua kubadilika, na hapa naomba usicheke mpaka ukaamsha majirani.

Bibi yako aliporudi Ihanja niliamka mapema, nikachukua ndala za mama yako, nikazisugua mpaka zikarudi rangi ambayo hata dukani hazikuwa nayo, nikaziweka mlangoni zikitazama nje. Nikakaa uani nikijifanya nanoa jembe. Mama yako akatoka, akasimama, akazitazama. Akazitazama muda mrefu, sawasawa na kwenye kanda. Nikajisemea, imeingia hiyo. Kisha akarudi ndani na nikasikia sanduku linafunguliwa.

Nikamkuta anapanga kanga. "Baba Debora," akasema, "kama umenichoka si useme? Mdomo unao, Shelui yote inaujua. Ndiyo unanitolea ndala nje kama mgeni aliyekaa sana?"

Ilibidi nieleze mpaka jua likafika utosini. Sijawahi kuieleza sukari kama nilivyozieleza zile ndala. Mwishoni alikubali kulirudisha sanduku chini ya kile cha chumbani, lakini wiki nzima alinipikia mlenda bila chumvi.

Nimelifikiria sana kosa lile, maana nilifanya alichofanya yule mpangaji hatua kwa hatua. Ila kwake mvua ilikuwa inanyesha na viatu vinalowa. Kwetu palikuwa pakavu na ndala zilikuwa salama chini ya kitanda. Yule mtu alikuwa anamtazama mjane. Mimi nilikuwa naangalia kama natazamwa. Nilichukua viatu nikaiacha mvua.

Kwa hiyo nikaanza kumtazama mama yako, na haikuwa kazi rahisi, kwa sababu akigundua unamtazama anauliza amefanya nini. Nikaona kwamba akimaliza kuvuta kamba ya jenereta anasugua bega. Nikaona anasugua hata akiwa amelala. Jioni moja nikamwambia, "Leo navuta mimi." Nikavuta. Nikavuta tena. Nikavuta mpaka wateja wakatoka nje kunishangilia. Jenereta likakaa kimya kabisa, na lenyewe lilikuwa limejifunza kimya. Mama yako akanitazama, akalisogelea, akalipiga teke moja la kisigino ubavuni, akaniambia, "Sasa vuta." Likawaka. Kumbe kila siku alikuwa analipiga teke, na mimi sikujua.

Tukawa tunafanya hivyo, yeye teke, mimi kamba. Na kwa kuwa sasa alikuwa na nafasi, siku moja akaingia ndani akaja kukaa nyuma ya kanga, kwenye kigoda changu, mimi nikakaa chini. Ilikuwa kanda ya mjane. Alikuwa hajawahi kuiona hata kipande, yeye ambaye alikuwa anaiwashia jenereta. Tulipofika kwenye viatu nilinyamaza. Watu walinilalamikia, "Mfasiri kalala!" nikanyamaza tu. Na mama yako, macho yake yakiwa kwenye kioo, akanyoosha mkono gizani akakisogeza kile kikombe karibu na goti langu. Sikusema asante. Nilikunywa chote mpaka tangawizi ya chini, na nilimpenda siku ile kuliko siku niliyomwoa. Haya, nimelisema. Usimwoneshe mahali hapa.

Sasa tuje kwa Yona wako.

Mimi Yona namwona, kwa sababu nyumba yetu iko barabarani na mtu aliyestaafu kufasiri hana kazi nyingine zaidi ya kutazama. Ni kweli hana maneno. Jana alikuja hapa akaniamkia, akakaa, akaniambia mashine ya kukamua alizeti imebadilishwa mkanda, akanywa maji, akaaga. Hata mimi niliyezoea kuwasemea watu sikupata pa kuingilia.

Lakini mnapotoka sokoni yeye anatembea upande wa malori. Umewahi kuliona hilo? Mkianza safari ukiwa upande huo, anasimama, anajifanya anafunga kamba ya kiatu, na akiinuka anainukia upande wa barabara. Viatu vyake havina kamba, Debora. Lori likipita vumbi lote linamwishia yeye, wewe unafika nyumbani kitambaa chako bado ni cheupe, na mama yako anamwuliza kijana kama ameanguka kwenye mfuko wa unga.

Na lile dumu la mafuta analotuletea kutoka mashineni kwake. Watu wengine wanafunga dumu kwa kifuniko basi. Yeye anaweka nailoni mdomoni, anafunga uzi, ndipo anaweka kifuniko, halafu kishikio anakizungushia kitambaa. Nilidhani ni utaratibu wa mashine. Nikamwuliza mwalimu tunayesali naye, ambaye naye hununua pale, akasema dumu lake linavuja mpaka amechukia chapati. Hicho kitambaa ni kwa ajili ya kiganja chako, kwa sababu siku moja ulibeba dumu ukaja hapa unalalamika kwamba kishikio kinakata. Ulimlalamikia mama yako. Yona alikuwa nje anaegesha baiskeli, na kama nilivyokwambia, nyumba yetu haina dari.

Sikwambii umkubali. Niseme hilo vizuri, kwa sababu hapa ningeweza kukupaka mafuta mpaka ukateleza, na ufundi huo ninao. Wako wanaume wanaonyamaza kwa sababu ndani hakuna mtu. Mjomba wako alinyamaza miaka na miaka, ukoo mzima tukamheshimu kwa busara zake, na alipoanza kuongea tukajuta. Tena kuna mahali neno linahitajika, na mtu asipolisema anakudhulumu. Mimi nimekudhulumu hapo, nitafika. Ninachokuomba ni kwamba kesho stendi usisubiri maneno ya mfasiri. Mtazame mwenyewe, kama vile mtu amezima sauti. Ukitazama usione kitu, mwambie asikusubiri, upande basi, mimi niko upande wako na nitamwambia mama yako hivyo. Lakini ukiona, na bado hutaki, hiyo nayo ni haki yako. Nisichotaka ni umwache mtu kwa sababu ya kijana wa kwenye kanda aliyekuwa amekwenda kunywa maji.

Deki imekufa siku nyingi, unajua. Kila mwenye duka hapa sasa ana televisheni, na tamthilia za siku hizi zinasemeshwa na watu wanaojua lugha, kazi ambayo naiona ni ya kivivu. Lakini kile kipande cha viatu bado ninacho kichwani, kizima, na kila nikikipitia nakuta jambo. Juzi ndiyo nimegundua kwamba yule mpangaji baada ya kusimama kwenye mvua asubuhi yake alivaa viatu vyake mwenyewe vikiwa bado na maji, akaenda kazini. Kamera haikuonyesha hilo. Ni mimi nimelifikiria.

Na sasa yangu. Wewe ni mtoto wangu na kesho unaondoka, na tangu uzaliwe sijawahi kukwambia neno lile ambalo nililitangazia Shelui yote kila jioni kwa kipaza sauti. Nilijaribu juzi ulipokuwa unaosha vyombo. Nikasimama nyuma yako, nikasafisha koo, nikakuuliza kama umeweka tochi kwenye begi. Ulisema umeweka. Nikarudi nje. Kwa hiyo kesho stendi usinitegemee. Nitakuwa juu ya basi nagombana na konda kuhusu begi lako, nitalifunga kamba nyingi kuliko inavyohitajika, na nitashuka basi likiwa limeshaanza kuondoka.

Mvua imeanza. Naisikia kwenye bati, na kibaraza chetu kinavuja pale pale siku zote. Viatu vyako vipya vya safari umeviacha nje, kama ulivyozoea. Namaliza barua hii naiweka juu ya begi lako, uisome kabla hatujaenda stendi, halafu natoka.

Asubuhi utavikuta pakavu, na vyangu vikiwa penye maji. Utavikuta vimetazama nje, Debora. Usidhani nakufukuza.

Baba yako